Umepunguzwa tumbo Dar, umerudi kusini: namna ya kufanya kazi na kocha wa afya kwa simu

Hii ni kwa ajili ya mtu wa Mtwara au Lindi ambaye ameshafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, au ameshapangiwa tarehe, na anajiuliza akirudi huku nyumbani nani atakua anamuangalia. Mimi ni afisa lishe, niko Mtwara mjini, na sehemu kubwa ya watu ninaowafuatilia siwaoni kwa macho, wengine wako Masasi, wengine Newala, kuna wa Nachingwea, kuna wa Kilwa, tunaongea kwa simu wiki kwa wiki, ndo kazi inayoitwa kocha wa afya. Inawezekana kabisa na inasaidia sana, ila ina namna yake, na mtu akiianza vibaya anaishia kumtumia kocha salamu za Ijumaa tu huku kilo zinarudi.

Kutoka Mtwara mjini mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500, ni siku nzima kwenye basi, na mvua ikiamua ndo hufiki kabisa, wote tunakumbuka Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilivyokatika kule Somanga watu wakalala njiani. Sasa huwezi kusema kila ukiwa na swali la chakula unapanda basi kwenda kumuuliza daktari aliyekupasua. Na maswali ni mengi jamani, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Kama ulifanyiwa slivu maana yake wametoa kama asilimia 75 mpaka 80 ya tumbo, kilichobaki ni kidogo chembamba, kama ni baipasi wamekitenga kimfuko kidogo juu na chakula kinapita njia fupi. Vyote viwili vinakupa nafasi ya kushiba haraka na njaa kupungua, lakini havikupikii, havikuoshei sufuria, na havimwambii shangazi yako aache kukuongezea wali kwenye sahani. Hapo ndo kazi ya kocha ilipo.

Anza kabla hujapanda basi la kurudi

Watu wengi wanatafuta kocha wakishaanza kutapika au uzito ukishagoma. Mtafute ukiwa bado Dar, au hata kabla ya upasuaji, ili aanze na wewe siku ya kwanza. Na kabla hujaondoka hospitali hakikisha una karatasi ya kuruhusiwa iliyoandikwa aina ya upasuaji, tarehe, dawa zote na dozi zake, na namba ya simu ya kitengo ambayo inapokelewa kweli, ipige ukiwa pale pale uone. Ipige picha hiyo karatasi mtumie kocha, alafu mtumie na ndugu mmoja unayeishi naye.

Ukifika huku, wiki ile ile ya kwanza nenda na karatasi yako kwenye hospitali utakayokimbilia ukizidiwa. Kwa wa Mtwara ni Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, kwa wa Lindi mjini ni Sokoine, wa upande wa Masasi kuna Ndanda, wa njia ya Lindi vijijini kuna Nyangao. Waambie tu nimefanyiwa hiki na hiki, naomba iandikwe kwenye faili. Usiku wa manane ukiletwa na bajaji unaumwa tumbo, daktari wa zamu akijua una tumbo la slivu anafikiria tofauti kabisa na asiyejua. Hii ya kuunganisha watu watatu, yani daktari wa upasuaji, kocha, na hospitali ya karibu, ndo naihimiza kuliko zote, kocha aliyejitenga peke yake kwenye simu hawezi kukusaidia siku mambo yakiharibika.

Njiani kwenyewe usikae umekunja miguu toka Mbagala mpaka Mtwara. Upasuaji na kukaa sana vyote vinachangia damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, kwa hiyo muulize daktari ni lini unaruhusiwa safari ndefu, na basi likisimama Nangurukuru shuka utembee, kunywa maji kidogo kidogo njia nzima.

Kumjua kocha wa kweli

Muulize amesomea nini. Awe afisa lishe, nesi, daktari, au mtu aliyefundishwa kazi ya kocha wa afya na anafanya chini ya timu ya hospitali. Muulize pia ameshafuatilia watu waliopunguzwa tumbo? maana lishe ya mtu anayepungua kawaida na ya huyu ni vitu viwili. Kocha mzuri siku ya kwanza anauliza maswali mengi kuliko anavyoongea, atataka karatasi yako, atauliza una presha, una sukari, unatumia dawa gani, unakaa na nani, nani anapika, chooni unaendaje. Akianza kwa kukutajia bei ya chai ya kupunguza kitambi au vidonge vyake mwenyewe, achana nae. Akikuahidi kilo kadhaa kwa mwezi, achana nae pia, hakuna anayeweza kuahidi hicho. Na akikuambia punguza insulini yako au acha dawa ya presha bila daktari, huyo ni hatari. Kweli dozi huwa zinahitaji kupungua, tena wakati mwingine haraka ndani ya siku chache baada ya upasuaji, sukari inaweza kushuka sana kwa mtu anayeendelea na insulini au glibenklamaidi kama zamani, ila anayebadilisha ni daktari. Kocha kazi yake kukukumbusha upime, aone namba, akusukume umpigie daktari leo sio kesho.

Jambo la picha. Makocha wengine wanachukua picha ya kabla na baada wanaweka stetasi kutafutia wateja. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na habari za afya yako ni taarifa nyeti, una haki ya kukataa na hutakiwi kutoa maelezo. Mwambie mapema kwa maandishi kwamba picha na uzito wako visitoke kwenye simu yake. Lipa mwezi kwa mwezi, usilipe mwaka mzima mbele.

Vifaa na mtandao

Huhitaji vitu vya gharama. Simu janja moja, mizani moja ambayo hautaibadilisha (mizani mbili tofauti zitakutia wazimu), daftari, na kikombe kidogo cha kahawa, kile kile cha kahawa chungu ya barazani. Hicho kikombe ndo kipimo chako cha miezi ya mwanzo, kinashika kidogo na kila nyumba ya huku kipo, kwa hiyo ukimwambia kocha nimekunywa supu vikombe viwili anajua unasema nini. Kama una presha ongeza mashine ya presha, kama una sukari glukomita.

Kubalianeni ratiba. Wengi nawapangia mara moja au mbili kwa wiki mwezi wa kwanza, wiki kwa wiki mpaka mwezi wa tatu, alafu kila wiki mbili, baadae mwezi kwa mwezi. Vidio sio lazima kila siku, ila angalau mara moja kwa wiki mwanzoni muonane uso, maana mtu anaweza kuandika "niko poa" huku midomo imekauka na macho yameingia ndani, kwenye vidio hilo linaonekana. Na panga mapema bando likiisha au umeme ukikatika mnafanyaje, Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika nchi nzima ilihangaika na intaneti, sisi tuliokua tumezoea meseji za kawaida tuliendelea. Kila taarifa yako iwe na uwezo wa kuingia kwenye SMS moja.

Taarifa yenyewe iweje

Hapa ndo watu wanashindwa, naomba nikae kidogo. "Leo nimekula vizuri" haimsaidii mtu. Angalia hii, ni ya mtu wa wiki ya saba, nimeitengeneza kwa mfano:

"Shikamoo dada. J3. Maji lita 1 na robo. Asbh uji wa maziwa vikombe vya kahawa 2, yai 1. Mchana changu wa kuchemsha kipande nusu kiganja, choroko vijiko 4. Jioni chapati robo, ikakwama kifuani nikatapika mara 1. Multivitamini nimekunywa, kalsiamu nimesahau. Nimetembea mpaka Feri na kurudi. Choo siku ya 3 sijapata."

Na kocha anajibu: "Marahaba mdogo wangu. Hiyo chapati uliila saa ngapi, ulikua na haraka? Ulikunywa kitu juu yake? Baada ya kutapika maji yanapita?"

Umeona, kwenye mistari michache kocha kapata vitu vinne vya kufanyia kazi, maji hayatoshi, choo kimegoma kwa sababu hiyo hiyo, chapati bado mapema, na kalsiamu inahitaji alamu ya simu. Wala hajagombeza. Kocha akikugombeza utaanza kumficha, na ukianza kumficha pesa yako imepotea. Kwa hiyo siku mbaya ndo siku ya kutuma taarifa ndefu, zile siku za kashata usiku jikoni, zile siku umekula mpaka umelala chali unahema, hizo ndo anazihitaji. Na mwisho wa kila maongezi mtoke na kitu kimoja tu cha kufanya wiki hiyo, kidogo, kinachopimika, mfano "nitatafuna kila tonge mpaka lilainike, na sinywi maji mpaka nusu saa ipite baada ya kula". Kocha anayekupa mambo kumi kwa wiki anakuchosha.

Chakula chetu cha huku

Fuata karatasi ya hospitali yako kwa wiki, kila hospitali ina ratiba yake kidogo, ila kwa kawaida wiki mbili za kwanza ni vya majimaji, alafu vya kusagwa, alafu vilaini, na kama wiki ya sita mpaka ya nane unarudi kwenye chakula cha kawaida kwa kipimo kidogo. Usiruke hatua kwa sababu unajisikia vizuri, kidonda cha ndani hukioni.

Lengo kubwa ni protini, wengi wanaambiwa gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na kwa kweli sisi wa pwani tuna bahati. Samaki wa kuchemsha gramu 100 anakupa kama 20 na ushee, yai moja kama 6, glasi ya maziwa au mtindi kama 8, nusu kikombe cha chai (sio kile cha kahawa) cha choroko au kunde zilizoiva kama 7. Hesabu hiyo siku nzima, unafika bila kununua unga wa kopo wa bei. Hatua ya majimaji tumia maziwa, mtindi mwepesi usio na sukari, supu ya samaki iliyochujwa. Kwenye kusagwa chukua changu au kolekole, toa miba yote kwa vidole sio kwa macho, ponda na mchuzi wake. Dagaa wakavu wasage wawe unga, kijiko kimoja kwenye mchuzi wa mbaazi unaongeza protini na hauusikii. Pweza na ngisi waache mpaka miezi ipite, ni wagumu, wanakwama, na hata hapo wachemshwe mpaka walainike kabisa.

Kula protini kwanza, mboga baadae, wanga mwisho kama nafasi ipo. Ugali wa muhogo huo naujua unaupenda, ila unanata na kuvuta, mwanzoni unakwama kifuani kuliko hata wali, na makopa na ming'oko ni wanga mtupu, vijiko viwili vya kuonja vinatosha. Tui zito lipunguze, pikia tui la pili.

Sasa korosho. Hakuna nyumba huku utaingia usiletewe korosho, na kipindi cha minada kila mtu ana za kwake. Zina protini kweli, kama gramu 18 kwenye gramu 100, ila hizo gramu 100 zina kalori zaidi ya 550, na tatizo lake kwa mtu aliyepunguzwa tumbo ni kwamba zinatafunika zinateremka, hazishibishi kwa haraka, unaweza kukaa barazani ukamaliza bakuli bila tumbo kukuambia kitu. Zihesabu mkononi, kiganja kimoja, uweke kwenye kisahani chako, bakuli lirudi ndani. Soda, juisi ya miwa, juisi ya mabibo, chai ya vijiko vinne, hivyo vinapita moja kwa moja, na kwa aliyefanyiwa baipasi sukari nyingi inamletea moyo kwenda mbio, jasho, kizunguzungu na kuharisha muda mfupi baada ya kula. Madafu sio sumu ila yana sukari yake, yasiwe maji yako ya kila siku. Uraka na pombe nyingine yoyote, baada ya upasuaji inapanda kichwani haraka na inakaa, wengi wanaambiwa mwaka mzima wasiguse.

Shughuli na ndugu

Mtu anaweza kufuata kila kitu miezi miwili, ukaja msimu wa jando na unyago au harusi ya binamu, pilau mbele yake na macho ya watu wote. Mwambie kocha shughuli ipo Jumamosi, siku tatu kabla, mpange pamoja. Mimi nawaambia kula protini nyumbani kabla ya kutoka, chukua sahani mwenyewe usisubiri kupakuliwa, weka nyama laini au samaki, na uwe na sentensi moja uliyoizoea. Kwa mama mkwe: "Mama, chakula kizuri, nimeshiba, daktari kanipimia." Basi, usianze kueleza upasuaji mbele ya watu kama hutaki. Na kama mpishi wa nyumbani ni mkeo, wifi au dada, muingize kwenye vidio hata mara moja, kocha aongee nae yeye mwenyewe, utashangaa mambo yatakavyorahisika.

Ramadhani ni swali la kila mwaka. Mwaka wa kwanza madaktari wengi wanashauri usifunge, kwa sababu maji unayonywa kwa funda dogo dogo siku nzima huwezi kuyabana kati ya futari na daku. Ongea na daktari mapema, alafu ongea na sheikh wako, mgonjwa ana ruhusa yake.

Mizani ikigoma, nywele zikitoka

Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi, baada ya choo kabla ya kula. Uzito husimama, wengine wiki ya tatu tu ukasimama siku kumi na zaidi, na inarudia tena huko mbele. Hapo usile kidogo zaidi wala usiende kununua chai ya mtandaoni, mtumie kocha taarifa za siku saba kamili aangalie protini, maji, usingizi, kutembea, na upime kiuno kwa futi ya fundi cherehani maana mara nyingi kiuno kinapungua mizani ikiwa imesimama. Nywele kukatika mwezi wa tatu mpaka wa sita baada ya upasuaji hutokea sana na huwa zinarudi, ila mwambie kocha, isije kua protini au madini ya chuma yamepungua.

Vidonge ni vya maisha, hata ukiwa unajisikia mzima. Multivitamini, kalsiamu, vitamini D, B12 na chuma kadri ulivyoandikiwa, na chuma na kalsiamu vipishane angalau saa mbili maana vinazuiana. Na ukiumwa mgongo usiende duka la dawa kuomba diklofenaki au ibuprofeni kama ulivyozoea, hasa kama ni baipasi, zinaweza kuleta kidonda cha tumbo, sema wazi umepasuliwa tumbo na uombe parasetamo.

Usimtumie kocha meseji, nenda hospitali

Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia au yanayopanda begani, homa ya 38 na zaidi, mapigo ya moyo kwenda mbio ukiwa umekaa tu hasa yakifika 120, kuhema kwa shida, mguu mmoja kuvimba na kuuma, choo cheusi kama lami, kutapika mpaka maji hayakai siku nzima. Na hii watu hawaijui: mtu aliyetapika siku nyingi alafu akaanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba akitembea, au kuchanganyikiwa, anaweza kua ameishiwa vitamini B1, hiyo ni dharura, apelekwe na aliye nae aseme hivyo hivyo kwa daktari. Kocha apigiwe mkiwa njiani, sio kabla.

Baada ya mwaka

Wengi wanaachana na kocha mwezi wa nane au wa tisa baada ya upasuaji, nguo zimelegea, watu wanasifia. Mimi naomba usiache, punguza tu iwe mara moja kwa mwezi au miezi miwili, kwa sababu kuanzia mwaka wa pili tumbo linaweza kubeba zaidi, njaa inarudi, na uzito wa kurudi unaanza kimya kimya kwa kilo mbili tatu. Mkubaliane namba, mfano mizani ikipanda kilo tatu juu ya uzito wako wa chini kabisa unampigia siku hiyo hiyo bila aibu. Wanawake, mimba isubiri miezi 12 mpaka 18, na uzazi unaweza kurudi ghafla uzito ukipungua hata kwa aliyekaa miaka bila kushika, kwa hiyo njia ya uzazi wa mpango iongelewe mapema na daktari, na kama ni baipasi vidonge vya kumeza huenda visitoshe.

Vipimo vya damu kwa kawaida ni mwezi wa 3, wa 6, wa 12 baada ya upasuaji, alafu kila mwaka: wingi wa damu, chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, figo, ini, na sukari kwa mwenye nayo. Vingine vinaweza visipatikane hapa mjini siku unayotaka, kwa hiyo uliza maabara wiki mbili kabla, na kama kuna vya kufuata Dar viunganishe na safari ya kliniki. Majibu yakitoka yapige picha, mtumie daktari na kocha wote wawili siku hiyo hiyo, na karatasi yenyewe iweke kwenye bahasha moja na ile ya kuruhusiwa.